Shamba la Bibi Mwanamvua na Baiskeli Tatu

Jambo hili alinisimulia kwanza mama mkwe wangu, tukiwa jikoni tunamenya viazi, mtoto amelala mapajani mwangu.

Hapo zamani, baiskeli zilipokuwa zimeshafika milimani lakini barabara bado, walikuwapo ndugu watatu: Hoza, Mwajabu na Mhina. Kila mmoja alikuwa na baiskeli, na hakuna aliyekuwa na shamba. Kipande alichowaachia baba yao kilikuwa kidogo. Mbuzi akijilaza pale, mkia unalala kwa jirani.

Siku moja bibi yao, Bibi Mwanamvua, aliyeishi ng'ambo ya milima saba, akawatumia salamu: "Wajukuu zangu, nimebaki na meno mawili na shamba moja la migomba. Atakayenifikia wa kwanza, shamba ni lake. Njooni kabla magugu hayajalimaliza."

Wakasema, "Safari ya milima saba si ya kukurupuka. Kwanza tujiandae."

Hoza akaandaa makalio. Alikuwa amesikia kwamba kiti cha baiskeli humla mtu nyama. Akakaa juu ya jiwe la kusagia tangu alfajiri hadi adhuhuri, kila siku, miezi miwili. Jioni alikula amesimama. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, naona makalio yameshakwenda safari, wewe umebaki."

Mwajabu akaandaa mwili wote. Akahamia kando ya njia, mwanzo wa kijiji, akalala chini ya turubai. Akala makande yaliyopoa. Kila jioni alimwita jirani ammwagie ndoo ya maji, azoee mvua. Jirani akasema, "Dada Mwajabu, mimi nachoka kuchota. Subiri masika, yale yanamwagwa bure."

Mhina akaandaa mzigo. Akakata mpini wa kijiko. Akakata blanketi nusu, kisha nusu ya nusu. Akanyoa nywele, akanyoa na nyusi. Akang'oa kengele, akang'oa kibebeo, mwisho akang'oa breki. "Breki ni chuma kinachokuchelewesha tu," akasema. Akaondoka, wa kwanza kati yao.

Lakini Bibi Mwanamvua naye alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa ameshajitwika mkungu wa ndizi, anakuja kwa miguu kuwatafuta.

Wakakutana kwenye mteremko wa mlima wa tatu. Mhina akapita kama jiwe lililoporomoka. "Shikamoo Bibi!" Bibi akageuka aitikie marahaba, mjukuu ameshavuka bonde. Hakusimama hadi lundo la majani ya migomba, shambani kwa Bibi, lilipomsimamisha.

Bibi akaendelea. Jioni ya siku ya nne akajikwaa mguu wa mtu kando ya njia. Alikuwa Mwajabu. "Mke mwenzangu," Bibi akasema, "mume wetu kakufukuza?" Mwajabu akamkaribisha chini ya turubai, akampa makande yaliyopoa. Bibi akayatafuna kwa meno yake mawili.

Kulipokucha wakaenda kwa Hoza, wakamkuta anakunywa uji amesimama. Akaweka uji chini. Akampandisha Bibi nyuma ya baiskeli, akaendesha siku sita, milima saba, mpaka mlangoni kwa Bibi. Mwajabu akafuata kwa baiskeli yake na turubai, na kila walipolala Bibi alilala chini yake. Walipofika walimkuta Mhina kizingitini, baiskeli begani, nyusi hazijaota.

Mhina akasema, "Bibi, shamba ni langu. Mimi ndiye niliyekufikia wa kwanza, na nilikusalimu."

Mwajabu akasema, "Salamu isiyongoja marahaba ni kelele. Mimi ndiye wa kwanza kukupokea."

Mhina akacheka. "Ulikuwa umelala. Yeye ndiye aliyekufikia wewe."

Hoza akasema, "Nyote wawili mlikutana naye njiani, mkamwacha njiani. Aliita watu waje hapa. Nani amefika hapa pamoja na Bibi, kama si mimi?"

"Na mimi nilikuwa nyuma yenu hatua mbili," akasema Mwajabu, "na turubai kichwani."

Bibi akawatazama. "Waume zangu, na wewe mke mwenzangu, shamba si mkate, siligawi. Nilisema atakayenifikia. Sikueleza kufika ni nini, nilidhani mnajua."

Hapo mama mkwe akanitazama nijibu. Mimi niliinamia viazi.

Asubuhi yake nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kisimani kuwauliza wenzangu. Ndoo zikajaa, zikamwagika, tukabishana mpaka umande ukakauka, hatukupatana. Nikarudi na maji nusu ndoo, na swali likiwa zima. Nanyi nawauliza: yule aliyempita, yule aliyempokea, na yule aliyemrudisha kwake, je, nani alistahili shamba la Bibi Mwanamvua?