Msiba wa Mtu Hai

Paukwa!
— Pakawa!
Chungu kiko wapi?
— Kiko mafigani!
Kina nini ndani?
— Kina maji matupu!
Nani anapuliza moto?
— Mwenye kungoja!
Basi sogeeni karibu, wenye kungoja. Mdomo wangu una safari.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na nchi mbili zinazotazamana, moja mlimani, moja bondeni. Watu wake walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Utani mnaujua. Mtani hukutukana na hukasiriki. Mtani huchukua kuku wako na humdai. Na siku ukifa, mtani ndiye huja kukuchimbia kaburi, akakucheka mbele ya wanao, akabeba kitu chako akipendacho, wala hakuna wa kumzuia. Ndiyo mila.

Huko bondeni aliishi mwanamke jina lake Nyamizi, na mumewe Kashindye, na watoto wao wawili. Wako wanaosimulia kuwa watoto walikuwa watatu. Hapana. Walikuwa wawili: Kabula, na mdogo wake Masele.

Ikaja njaa. Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa. Mwaka wa pili ilidanganya. Mwaka wa tatu haikuja kabisa. Watu wakala akiba, wakala mbuzi, wakala mizizi. Lakini kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko njaa yenyewe. Wanaume walianza kugeukia ukuta.

Mtu alirudi shambani, akaweka jembe, akalala, akageuza uso ukutani. Hasemi. Hali, hata kama chakula kipo. Na aliyegeukia ukuta hakugeuka tena. Jirani yao Mabula aligeuka hivyo, wakamzika. Fundi wa mizinga ya nyuki aligeuka hivyo, wakamzika. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla hajatazama mbingu, Nyamizi alitazama mgongo wa mumewe.

Asubuhi moja Kashindye akageukia ukuta.

Moyo wa Nyamizi ukaruka. Maana mawingu yalikuwa yameanza kuchungulia nyuma ya mlima, na watu wa bondeni hupanda mtama mavumbini, ili tone la kwanza likute mbegu ardhini. Mvua yao ni fupi. Asiyepanda kabla, havuni. Mbegu zilikuwapo, kibuyu kimoja, kimening'inia darini juu ya moshi. Lakini ardhi ilikuwa jiwe, na mikono ya Nyamizi peke yake isingeliweza shamba lile. Kashindye asipoinuka, hakuna mavuno. Pasipo mavuno, hakuna mtu.

Akamsihi: "Baba Kabula, inuka." Hakuinuka.

Akamkorogea uji wa ukoko: "Baba Kabula, kunywa." Hakunywa.

Akamweka Masele kitandani. Mtoto akamvuta baba sikio: "Baba! Baba!" Hapo Kashindye akasema, "Nipande nini? Mbingu imeshatusahau."

Mmesikia? Mwenye njaa huomba chakula. Huyu hakuomba kitu.

Nyamizi akajifunga kiuno, akashika njia ya mlimani. Miguu ilikwenda, moyo ulirudi. Kwa sababu mtani wa kuzika haitwi bure. Kumwita ni kutangaza kifo, na kutangaza kifo cha mtu hai ni kukialika. Wazee husema kinywa huumba. "Nikirudi, atakufa," aliwaza. "Nikiendelea, nitakuwa nimemuua mimi." Akasimama. Akaendelea. Akasimama. Akaendelea.

Huko juu alimkuta mtani wao Nakiete anasuka kapu. Mwanamke mrefu huyo, ulimi pilipili.

"Ee, watu wa bondeni!" Nakiete akasema. "Mmekuja kuiba hata njaa yetu? Ya kwenu imekwisha?"

Nyamizi hakucheka. "Kashindye amekufa."

Nakiete akaweka kapu chini. Akamtazama kichwani, akamtazama miguuni. "Amekufa kweli, au amekufa tu?"

"Amekufa tu," Nyamizi akajibu, na machozi yakamtoka. "Amegeukia ukuta."

"Unajua ulichokisema, dada? Neno likitoka halirudi."

"Najua."

"Nikija, nakuja kuzika. Siji kubembeleza."

"Njoo."

Akaja, na wenzake wawili, na kilio chao kikatangulia njiani: "Uwii! Kashindye wangu! Mume wangu ulinikimbia, ukaoa mwanamke wa bondeni asiyejua hata kuchemsha maji! Uwii!"

Majirani wakatoka nje. Nyamizi alisimama mlangoni.

Nakiete akaingia moja kwa moja, akanyakua kigoda. "Kufa kufaana! Hiki nakirithi. Marehemu alikuwa na makalio mazito, kumbe kigoda bado kizima."

Bega la Kashindye likacheza kidogo.

Nakiete akashika ngozi aliyolalia, akaivuta. "Na hii nairithi."

"Niache," sauti ikasema.

"Wafiwa, mmesikia kitu?"

"Panya," Kabula akajibu, kisha akajiziba mdomo, akacheka. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika nyumbani humo tangu mwaka uliopita.

Lakini Kashindye alikunja magoti, akafumba macho, akawa mdogo kuliko alivyokuwa. Nyamizi akaona giza. Akataka kusema, basi, dada, acha, nimekosea. Nakiete hakumpa nafasi.

"Haya, tukachimbe," akasema, akachukua jembe la marehemu, wakatoka.

Nyamizi akabaki kando ya kitanda. Sauti ya jembe ikaanza shambani. Ti! Ti! Ti! Kila pigo lilimpiga yeye. Ti! Ti! Ti! Kinywa huumba, kinywa huumba.

Jicho la Kashindye likafunguka.

"Wanachimba nini?"

"Kaburi lako."

"Wapi?"

"Shambani."

Ti! Ti! Ti!

"Hilo si kaburi," Kashindye akasema. "Jembe linaparuza juu juu."

"Sijui. Mtani ndiye anayechimba."

"Watu wa mlimani hawajui kuchimba."

"Hawajui."

"Wataniharibia shamba."

"Wewe umekufa, Baba Kabula. Shamba linakuhusu nini?"

Kashindye akaweka mguu chini. Akaweka wa pili. Akasimama, akayumba, akaanguka kwa goti. Nyamizi akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, akaishika yenyewe kwa yenyewe isije ikamsaidia. Kashindye akashika nguzo. Akainuka. Akaufikia mlango.

Shamba lilikuwa limejaa vishimo, vimekwenda upogo kama nyayo za mlevi.

"Nakiete! Kaburi gani hili, kama uso wa mwenye ndui?"

"Marehemu, umetoka? Rudi kalale! Mtu mvivu huzikwa vipande vipande. Hapa kidole, pale sikio."

Majirani wakacheka.

"Hata mtama hauoti humu! Hakuna kina!"

"Mambo ya bondeni mimi siyajui. Nionyeshe."

Kashindye akampokonya jembe. Akachimba shimo moja, akakaa chini, anahema. Akachimba la pili, akakaa. La tatu alilitazama, akasema, "Hapa zikeni ulimi wa Nakiete, mahali penyewe hapatoshi." Akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikaishia kuwa kicheko.

Nyamizi alikwishakimbilia kibuyu. Alijua kicheko ni kama mvua yao: ukikingojea, kimepita. Akadondosha mbegu shimoni kabla mumewe hajafunga mdomo. Wakaendelea hivyo. "Hapa goti!" Mbegu. "Hapa kisigino!" Mbegu. Majirani wakaleta majembe. Mpaka mzee mmoja aliyekuwa ameshageukia ukuta wake akatuma mtu aulize, watu wanacheka nini?

Wako wanaosimulia kuwa mvua ilinyesha siku hiyohiyo. Waongo hao. Mbingu ilibaki kavu. Ndege walikuja kuchakura. Nyamizi hakupata usingizi mzuri. Neno lake lilikuwa bado linatembea duniani. Akamwambia Nakiete, "Dada, nisaidie, nilirudishe."

"Halirudi," Nakiete akasema. "Msiba umetangazwa, utaisha kwa matanga. Mtanipikia mtama mpya. Mwambie mumeo asithubutu kufa kabla sijashiba."

Basi kila asubuhi Kashindye alipochelewa, watoto walimwita: "Marehemu, amka!" Naye aliamka, ananung'unika. Kuna asubuhi alizochukua muda mrefu kujibu, na Nyamizi alisimama pale mpaka ajibu.

Mvua ikaja, imechelewa, tena kidogo. Mtama wa upande wa juu ukaungua. Wa upande wa chini ukaota, ukashika suke. Ghala halikujaa, mtama ulifunika sakafu tu. Lakini ulifunika.

Nyamizi akasonga ugali wa mtama mpya, watu wa mlimani wakaitwa kwenye matanga. Nakiete alilia kwa sauti, mdomo umejaa: "Uwii! Kashindye wangu! Ulikuwa mtu mwema! Ongeza mboga!"

Na aliyeshika upawa akapakua, akaanza na watoto, wakafuata wageni, akamalizia na mkewe, alikuwa marehemu mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotua mzigo wangu. Mwenye nguvu na aubebe aende nao. Aliyechoka na aukalie, apumzike, kisha ainuke.