Baridi ya Nyumba ya Mama Kipua

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaposana na kununiana majirani kama sisi tunavyonuniana, nyika iliingiliwa na kiangazi kibaya mno. Sogeeni basi. Na wewe uliyejilaza pembeni ya mkeka, keti sawasawa, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili. Kifaru alikuwemo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo hajaielewa.

Jua liliwaka waa! Mawe yakapasuka ta! ta! Ndege waliacha kuimba, wakakaa midomo wazi juu ya matawi makavu.

Kisima kilikuwa kimoja tu. Na kisima hicho Mzee Kifaru alikizungushia boma la miiba, akaketi mlangoni na rafiki yake Nyati.

"Kila nyumba kibuyu kimoja kwa siku!" alinguruma.

"Na nyumba yako, Mzee?" aliuliza Kanga.

"Mimi ni mkubwa. Kiu yangu nayo ni kubwa."

Nani angebisha? Pembe ile mliiona wapi ikabishiwa?

Sasa, karibu na kisima aliishi Mama Kipua. Alikuwa digidigi, mnyama mdogo mwenye miguu kama njiti za kiberiti na macho makubwa yasiyopitwa na kitu. Alikuwa amejifungua karibuni. Lakini yule mtoto, Kipua, alilala akihema hee, hee, hee kwa joto, na ziwa alilikataa. Baba Kipua alimpepea kwa jani mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya kukatika, "mtoto anatutoka."

"Lete jamvi."

"Jamvi? Mtoto anataka hewa, wewe unataka jamvi?"

"Lete jamvi, Baba Kipua, usinichanganye!"

Jamvi likaja. Mama Kipua akalitundika mlangoni, upande unakotokea upepo. Akachukua maji waliyooshea mboga, akalimwagia jamvi lote mpaka likadondosha to! to! to! Akausogeza na mtungi wao wa udongo hapo hapo kwenye njia ya upepo. Kisha akazibua kidirisha cha nyuma kilichokuwa kimejazwa matambara.

Upepo ukaja kutoka nyikani, wa moto kama pumzi ya tanuri. Ukapita kwenye jamvi lililolowa, ukaingia ndani, fyuuu, ukatokea dirishani. Lo! Ndani ukawa wa baridi.

Baba Kipua aliruka. Akatoka nje, akaungua. Akaingia ndani, akapoa. Akatoka tena.

"Ni upepo ule ule?"

"Ule ule."

"Na maji yale yale machafu?"

"Yale yale. Maji yakikaushwa na upepo, huondoka na joto. Kwa mama yangu tulifanya hivi kila kiangazi. Ila upepo lazima uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Usipopita, hakuna kitu."

Baba Kipua hakuelewa vizuri, lakini wakati huo huo Kipua alifumbua macho, akalitafuta ziwa, akanyonya. Baba yake akaacha kuuliza, akalia.

Kesho yake Mzee Kifaru alipita nyuma ya nyumba ile. Ile hewa ya dirishani ikampiga puani. Akasimama. Akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Hodi!" Hakusubiri jibu, akaingiza kichwa. "Humu mmeficha nini?"

"Karibu, Mzee. Hatujaficha kitu."

"Nje moto. Kwangu moto. Kwenu baridi! Mmeitoa wapi? Mmeiiba?" Macho yake yakaangukia mtungi uliojaa matone ubavuni. "Ee! Mbona mtungi wenu unatoka jasho, na nyinyi hamtoki?"

Mama Kipua alijua kwamba akitaja maji, hata kile kibuyu kimoja watanyimwa.

"Kazi ya kutoka jasho tumeuachia mtungi, Mzee."

Kifaru aliinamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili. Neno lile halikuingia sikio lolote.

"Basi leo utanitokea mimi," alisema, akaubeba.

Nyumba ya Kifaru ilikuwa ya mawe mazito, haina dirisha hata moja. Akaukalisha mtungi katikati, akaukodolea macho.

"Toka jasho!"

Mtungi kimya.

"Nimesema toka!" Kiu ikambana, akaunywa maji yote gu-gu-gu. Kisha akaduwaa. "Nyati, nadhani nimekunywa baridi yenyewe."

"Mimi naona si mtungi," alisema Nyati. "Ni lile jamvi."

Wakalifuata jamvi kwa Mama Kipua, wakarudi nalo. Wakajifunika nalo wawili, mpaka puani, mlango wamefunga.

"Unasikia baridi?" aliuliza Kifaru.

"Nasikia... nasikia kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ila kinanichoma."

Asubuhi walirudi wote wawili, hawana usingizi, macho mekundu. Kifaru akapiga mguu chini, puu!

"Nimeelewa sasa! Baridi imo kwenye kuta. Tokeni! Nyumba hii ni yangu."

Mama Kipua alimpakata mtoto. Masikio ya Kipua yalikuwa yameanza tena kuwa moto, maana tangu jamvi lichukuliwe nyumba ilikuwa imepoteza ubaridi wake. Baba Kipua alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Lakini Mama Kipua alimtazama Kifaru, akamtazama Nyati, halafu akatazama mbali kwenye boma la miiba. Kisimani hapakuwa na mtu.

"Chukueni, Mzee," alisema kwa upole. "Tena kwa kuwa nawahurumia, nitawapa siri. Baridi ina aibu kama bibi harusi. Ikiona tundu, inatoroka. Zibeni kila mahali. Na ina kiu sana. Leteni maji mengi, mmwage sakafuni, kisha mjifungie na msitoke mpaka itulie."

"Lakini juzi uliniambia upepo lazima—" alianza Baba Kipua.

Mama Kipua akamkanyaga.

"Aaii!"

"Anasema nini huyo?" aliuliza Kifaru.

"Anasema maji lazima yawe mengi, Mzee."

Wale wakubwa wakabeba maji kisimani, mitungi kwa mitungi, migongo inapinda. Kisha wakaingia. Nyumba ilikuwa pana kwa digidigi; kwa kifaru na nyati ilikuwa kama soksi. Wakasukumana, wakabanana, matako ya Nyati yakaziba kidirisha kabisa. Kifaru akafunga mlango, akashindilia kwenye nyufa lile jamvi walilorudi nalo. Maji yakamwagwa, chubwi! Giza likawa ti.

Huko nje Baba Kipua alishika kichwa.

"Mke wangu, leo umenishinda. Jamvi limekwenda, mtungi umekwenda, nyumba umeitoa kwa mkono wako, na mtoto yuko juani!"

"Kang'oe miiba kisimani."

"Miiba ya Kifaru?"

"Kifaru yuko wapi sasa hivi?"

Baba Kipua alitazama nyumba. Akatazama kisima. Pole pole mdomo wake ukafunguka. Kisha akachomoka mbio, prrr!

Kanga alikuja na vifaranga wake, Nungunungu akaja na mkewe, Pundamilia akaja na ndoo kichwani. Wakang'oa miiba, wakachota bila kusemezana, wakanywa, wakachota tena. Kipua alimwagiwa maji kichwani na kuwekwa penye upepo. Akapiga chafya, chwi! Mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti nzito.

"Mama Kipua! Baridi inatoka jasho!"

"Ni baridi, Mzee, au ni wewe?"

"Sijui! Ni giza! Hatujui jasho hili la nani!"

"Ndiyo inatulia hivyo. Vumilieni!"

Ndani ya nyumba mvuke ulijaa. Sakafu ya udongo ikageuka tope. Kifaru alitaka kujigeuza, akateleza, akamwangukia Nyati. Wakagaagaa.

"Rafiki yangu," alihema Nyati, "nakufa kwa baridi."

"Hili ni joto!"

"Si tuliambiwa ni baridi?"

"Tuliambiwa. Lakini mbona ni joto?"

"Basi labda baridi ikizidi huwa hivi."

Kifaru akafikiri. Kufikiri kukamzidishia joto. Akapiga yowe, akainua pembe, na gumburuu! Ukuta ukaanguka. Wakatoka nje wakipepesuka, wamejaa tope kutoka pembe hadi mkia.

Wanyama wote wakaganda, vyombo vya maji mikononi. Ndoo ya Pundamilia ilianguka yenyewe.

Upepo ukavuma.

Kifaru alisimama. Akafumba macho. Tope mwilini mwake lilianza kukauka, na lilivyokuwa likikauka, baridi tamu ikamtambaa mgongoni. Akanong'ona:

"Nyati... imetufuata."

"Nani?"

"Baridi! Imenishika hapa, na hapa, na hapa!"

"Na mimi!" Nyati alianza kucheka ovyo. "Na mimi imenishika!"

Jambo hili Mama Kipua hakulitegemea. Alikuwa ameshampakata mtoto tayari kukimbia. Naye kwa muda mfupi hakujua acheke au alie. Mara Kifaru akafumbua macho, akaona kisima.

"Nani kang'oa miiba yangu?"

Kanga alijificha nyuma ya vifaranga wake.

"Ni mimi, Mzee," alisema Mama Kipua, akapiga hatua moja mbele. "Nimeing'oa kwa ajili yako. Hiyo baridi iliyokushika ikichomwa na mwiba, itatoka na hutaiona tena. Yenyewe inapenda tope. Bondeni kule tope halikauki. Galagala, kisha simama penye upepo. Itakaa nawe maisha."

"Na kisima changu nani atakilinda?"

"Kisima? Mwenye baridi yake mwilini ana haja gani ya kukaa juani akilinda shimo?"

Kifaru alimtazama Nyati.

"Umeelewa?"

"Hata kidogo. Lakini nasikia raha."

"Hata mimi. Twende kabla haijatoroka."

Wakashika njia ya bondeni, ndi, ndi, ndi, wakitembea kwa uangalifu kama waliobeba mayai migongoni. Na mpaka leo, jua likiwa kali, mtawakuta matopeni wanagaagaa, kisha wanasimama kimya penye upepo. Wanadhani wanaitunza baridi yao.

Majirani walimjengea Mama Kipua ukuta mpya siku ile ile, kwa udongo na maji waliyoyachota bila kuulizwa. Akaenda nyumba hadi nyumba akiwaonyesha: jamvi hapa, maji hivi, upepo uingilie huku, utokee kule. Nungunungu alilitundika jamvi lake kinyume, ikabidi aonyeshwe tena. Jioni ikafika watoto wa nyika nzima wamelala, hakuna anayehema kwa joto.

Hadithi yangu imekauka hapo, watoto wangu, na funzo lake ni hili: unaweza kumnyang'anya mtu mtungi, jamvi na nyumba, lakini anachokijua huwezi kukibeba.