Kigoda cha Ma Kokugonza

Sogeeni, wenye masikio mazima mkae mbele! Zamani zile, redio moja ikisikilizwa na mtaa mzima, familia moja ilihama kutoka Pangani ikapanga nyumba ya bibi mmoja, Ma Kokugonza, kule Bukoba. Kihaya hawakukijua hata cha kuombea maji.

Baba, Bwana Hatibu, alijifunza kwa kanuni. Kila neno aliliuliza sababu, na upesi akajua mengi. Ila akitamka sentensi moja, ungedhani anapandisha kabati ghorofani.

Mama, Bi Mwanakombo, alijifunza kwa kukosea. Sokoni aliropoka tu. Wanawake wakacheka, naye akacheka kuwashinda, wakamsahihisha.

Siwatu, wa miaka minne, hakujifunza. Alicheza. Muda mrefu alikuwa kimya, baba yake akilalamika, "Huyu mtoto kichwa kigumu!" Halafu asubuhi moja akawagombeza mbuzi kwa Kihaya cha mzaliwa wa palepale. Maana yake? "Sijui, baba. Ndivyo tunavyosema."

Basi Ma Kokugonza akawaletea kahawa za kutafuna, heshima ya mgeni. Bwana Hatibu, Mpwani wa watu, akazitwanga, akazichemsha, akamrudishia kikombe! "Karibu kahawa, mama!" Bibi akageuka, akaenda zake. Jioni ujumbe ukaja: hameni.

Mama akakimbilia kwa wenzake wa sokoni. "Maskini, mmeitwanga heshima yake!" wakamwambia. "Kaombeni radhi, mtafune mbele yake."

Baba akatunga maneno ya radhi kwa Kihaya, yenye adabu ya kumstahi mzee. Siwatu alijua ya mbuzi na ya watoto tu. Njia nzima baba akayarudia, Siwatu akimsikia. Walipofika akajaribu kuyasema, bibi akauliza, "Huyu anaumwa meno?"

Ndipo Siwatu akapiga magoti, akayatiririsha yote.

Bibi akashika kifua. "Loo! Siku zile wajukuu zangu hawajahama, nyumba hii ilikuwa na sauti kama hiyo." Akatoa kahawa, wakatafuna, baba kakunja uso. "Bakini. Na aliyewapatanisha nami akae kwenye kigoda hiki, ale nami kama mwanangu."

"Maneno ni yangu," akasema baba.

"Bila mimi ungekuwa bado unachemsha!" akajibu mama.

"Lakini bibi kanisikia mimi," akasema Siwatu.

Kigoda ni kimoja, ndizi zinapoa, na bibi anangoja. Haya, wewe ungemkalisha nani?