Mikia ya Kondoo wa Bi Sekela

Bwana Tweve alikuwa mtu mwema sana: akitaka kitu cha maskini, humpa kwanza nafasi ya kukitoa mwenyewe. Safari hii alilitaka bonde alimochungia Bi Sekela, mjane mwenye kondoo wachache. Tena kwa ukarimu wake alimtumia habari jana yake, ili ajiandae.

"Ondoa mifugo yako," alimwambia asubuhi. "Kuanzia leo watakula hapa kondoo wangu wa kizungu."

"Asante, Bwana. Nilikuwa najiuliza nani atalichukua bonde hili."

"Lina nini?"

Sekela akamshika kondoo wa karibu, akamwinua mkia. Uharo wa kijani ulikuwa umemganda hadi magotini, na wenzake wote hivyo hivyo.

"Minyoo, Bwana. Mayai yake wameyamwaga na kinyesi bonde zima. Lakini wako ni wa kizungu. Minyoo ya kienyeji haitathubutu kuwagusa, au siyo?"

Mwaka uliopita minyoo ilikuwa imemmalizia Tweve nusu ya zizi. Ghafla moyo wake ukajaa upendo wa jirani.

"Dada yangu, mimi si mnyang'anyi! Kaa na bonde lako lote. Ila nakuomba, kondoo hao wasikanyage kwangu."

"Nitajitahidi, Bwana," Sekela akajibu kinyonge.

Tajiri akapanda kilima nusura akimbie. Nyuma yake kondoo mmoja akaanza kuulamba mkia wa mwenzake kwa hamu.

"Mlafi wee, subiri kwanza avuke kilima!" Sekela akamkemea kwa kunong'ona. "Nimetwanga majani ya maboga tangu alfajiri niwapake, nawe unayalamba mbele ya mgeni?"