Kwa Nini Mgeni wa Ibutamo Hutaja Mkoa Mwisho

Kabla nchi hii haijakatwa vipande, mtu akikuuliza ulikotoka ulitaja mlango wa mama yako, na hilo lilitosha. Hapakuwa na mkoa, wilaya wala kata. Kisha Mtemi Kasanda akaona nchi imemshinda kuitawala kwa majina ya akina mama. Akaigawa katika mikoa mitano, na kila mkoa akaupa jina, mpaka na ngoma yake.

Majina hayo makubwa yaliwalewesha vijana. Aliyesafiri aliona haya kutaja vibanda sita vya kwao. Alitaja mkoa, akapewa kigoda.

Ndivyo alivyofika hapa Ibutamo kijana mmoja aliyekuwa akienda ziwani kuchota chumvi. Bi Sumbi, mjane, alimpokea na kumuuliza kwao.

"Mimi ni mtu wa Magharibi," akajibu.

Mihayo, jirani, akatania: "Sumbi, leo umelaza mkoa mzima kwenye ngozi moja."

Wakacheka wote watatu. Kijana akapenda kuitwa Magharibi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku ya pili homa ikampanda. Bi Sumbi alipomuuliza jina lake, ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Siku ya nne akafa. Kwa desturi yetu udongo wa kwanza hutupwa na mtu wa kwao marehemu, kwa hiyo Bi Sumbi akatuma mjumbe kwa mkuu wa Magharibi. Mkuu alimsikiliza, akamweleza kwamba kuuvuka mkoa wake ni mwendo wa siku tisa, na akina mama wenye vijana safarini hawana idadi. "Nikamlize yupi?" akauliza. Kijana akazikwa na watu wasio wake.

Masika mawili yakapita. Akaja mama mmoja, nyayo zimepasuka, akimtafuta mwanawe Luhende, wa Kwamgunda. Bi Sumbi alikuwa shambani. Aliyemjibu ni Mihayo. Alimwambia kwamba Luhende hawamjui, wala hiyo Kwamgunda hawajaisikia. Mgeni waliyemzika ni mmoja tu, naye alikuwa wa Magharibi.

Mama yule hakuwahi kutoka kwao kabla ya safari ile, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwao kunaitwa Magharibi.

"Basi si wangu," akasema. "Wangu ni wa Kwamgunda."

Akamshukuru Mungu, akanywa maji, akajitwika mzigo wake na kushika njia ya ziwani. Njia hiyo hupita kando ya kaburi.

Mwezi uliofuata wakapita wachota chumvi, na Bi Sumbi, aliyekwisha kusimuliwa na Mihayo habari za yule mama, akawauliza Kwamgunda ni wapi. Wakamwambia ni kitongoji cha Magharibi, nyuma ya mlima. Siku hiyohiyo Bi Sumbi alifunga safari kumfuata yule mama. Huko ziwani aliambiwa kwamba mama huyo alifika, akaulizia, akaendelea mbele. Hakuonekana tena, si ziwani, si Kwamgunda.

Na tangu siku hiyo, mgeni akiingia Ibutamo huulizwa jina lake, kisha mlango wa mama yake, kitongoji, kijiji, kata na wilaya. Mkoa huja mwisho. Ninyi mliofika leo mmenuna, mnanong'ona kwamba tunawahoji kama askari. Nuneni, lakini tajeni.