Lupini za Matuta ya Juu

Wahenga walituachia neno kwamba ajichumiaye balaa haili peke yake. Hata mamaye mzazi hupakuliwa. Na akiwa mkubwa wa watu, hupakuliwa kijiji kizima.

Huko Mani, pwani ya Ugiriki, mlima wa kijiji ulikuwa wa mawe, lakini kila majira ya machipuko ulifunikwa na lupini za porini, mimea ya jamii ya kunde, maua yake buluu kama shuka iliyoanikwa. Hakuna aliyezipanda. Kila mwaka mmea ulikufa, ganda likapasuka juani, mbegu zikarukia katikati ya mawe. Punje zake ni chungu kama shubiri. Wanawake walizichemsha, wakazizamisha baharini ndani ya magunia hadi uchungu uishe, zikawa chakula cha maskini wakati wa Kwaresima. Mwiko ulikuwa mmoja tu: matuta ya juu hayachumwi, ni ya mlima wenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Lygeros, alipopata mnunuzi wa lupini mjini, aliwaita watu.

"Chumeni zote, mpaka kileleni!"

"Na za mlima?" akauliza Garoufalia, mkewe Dikeos mchunga mbuzi.

"Shangazi, mlima una mdomo? Au nao unafunga Kwaresima?"

Watu wakaangua kicheko.

"Cheka tu, mwanangu. Njaa nayo ina meno, tena meupe kuliko yako."

Lygeros akatangaza kwamba asiyepanda mlimani kuchuma atanyimwa maji ya kisima. Nani angebisha? Matuta yakakwanguliwa kama sufuria ya harusi. Mwaka uliofuata buluu ilitoka mabaka mabaka. Akaamuru hizo nazo zichumwe. Mwaka wa tatu yakabaki mawe.

Kwaresima hiyo Garoufalia alikuwa kitandani, kifua kimembana. Dikeos alimlisha lupini za akiba, bakuli la mwisho, punje moja moja. Mara hodi! Alikuwa Bibi Pagona, mama yake mwenyekiti, amejitanda shali hadi machoni.

"Dada, nigawie konzi moja tu. Tangu juzi nakunywa maji ya moto."

"Si mwanao aliuza?" Dikeos akafoka. "Akupikie magunia!"

"Fedha ziliisha. Naye ana njaa, baba. Kajifungia ndani."

"Mpe, mzee," Garoufalia akasema kwa shida. "Huyu hakuzaa mwenyekiti. Alizaa mtoto."

Dikeos akagawa nusu.

Siku chache kabla ya Pasaka, Garoufalia aliomba afunguliwe dirisha aione buluu. Dikeos akalifungua. Mawe yakawakodolea macho. Mkewe akageukia ukutani, wala hakuomba kitu tena.

Mazishini Lygeros alisimama nyuma, kofia mkononi, amekonda kama mama yake aliyeegemea bega lake. Hakuna aliyemshtaki, maana wakubwa hawashtakiwi. Wanyonge ndio huzikwa. Hakika, mchuma janga hula na wa kwao.