Safari ya Mama Nakijwa

Mwenye safari hafungiwi mzigo. Mliisikia jana kikaoni, mkaniuliza nani aliisema kwanza. Methali hii ilianza hivi, na aliyeisema ni mama yangu mzazi, Nakijwa.

Mama alisimamia ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba huku Upareni. Kwa miaka thelathini ndiye aliyepanga zamu za maji, na hakuna mwanamume aliyethubutu kufungulia shamba lake maji siku isiyo yake. Alipofikisha miaka themanini na mmoja, figo zikachoka. Daktari alituambia atahitaji kusafishwa damu kwa mashine mjini, mara tatu kwa wiki. Mashine haitamponya, itamwongezea muda tu.

Mimi nikasema tuuze shamba. Dada yangu Naetwe akasema tumrudishe nyumbani apumzike. Tulibishana palepale wodini, kila mmoja upande wake wa kitanda, mama katikati.

"Unataka watu waseme tumemtupa?" nilimwuliza.

"Kumbe unawaogopa watu!" akanijibu.

Mama akapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja.

"Kiangi! Naetwe! Anayekwenda hapa ni nani?"

Tukamgeukia.

"Safari ni yangu. Mwenye safari hafungiwi mzigo. Niitieni daktari."

Akamwuliza mwenyewe. Mashine inauma? Nitaweza kutembea? Nikiacha itakuwaje? Daktari aliketi, akamjibu yote bila kumficha. Kisha mama akaamua, na hakunifuata mimi wala Naetwe.

"Shamba haliuzwi. Uzeni ng'ombe wangu wawili. Nitasafishwa damu mpaka mvua za vuli, nipate kumfundisha Naetwe zamu za maji. Baada ya hapo msinipeleke tena."

Miezi minne alimfundisha: kila ukoo na siku yake, na namna ya kumkatalia mtu mkaidi bila kumtukana. Vuli ilipoanza nilimsihi aendelee kidogo.

"Nilisema vuli, mwanangu."

Tukamrudisha nyumbani. Alifariki siku ya tisa, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Mazishini mjomba mmoja alinivuta kando. "Nani aliamua aache matibabu?"

Sikuinamisha kichwa. Nilimjibu kwa sauti, bonde zima lisikie: "Aliamua Nakijwa mwenyewe. Mwenye safari hafungiwi mzigo."